Mpaka Lini? Mjadala wa Kamatanda Kuhusu Haki za Raia na Ugonjwa wa Mlipuko

Kamatanda iko pembezoni mwa Likasi, jimbo la Haut-Katanga, mahali ambapo reli na shaba ni majirani tangu enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni. Wengi wa wakazi wake wanakula kutokana na udongo: kuna wanaochimba, wanaoosha mawe, wanaobeba magunia, wanaonunua, na wanaowapikia bukari (ugali) hao wote. Mtu wa hapa akiambiwa abaki nyumbani siku kumi, ameambiwa akae siku kumi bila pesa mkononi. Kwa hiyo swali ambalo Kinshasa lilibishaniwa kwa vifungu vya Katiba, Kamatanda linafika moja kwa moja jikoni: ugonjwa wa mlipuko ukiingia, je, serikali iruhusiwe kusimamisha haki za raia ili kuwaokoa?

Mambo yenyewe yanajulikana. Tarehe 10 Machi 2020 Kongo ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Korona, mjini Kinshasa. Siku chache baadaye shule na makanisa yalifungwa, na mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ikapigwa marufuku. Tarehe 23 Machi Lubumbashi iliamka ikiwa imefungwa kwa saa 48 kwa amri ya Gavana Jacques Kyabula, kwa sababu ya abiria wawili wa ndege kutoka Kinshasa waliodhaniwa kuwa na virusi. Kesho yake Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura nchi nzima na kufunga mipaka. Dharura hiyo ilidumu hadi tarehe 21 Julai. Desemba 18 mwaka huohuo ikaja amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri.

Mjadala huu umepangwa kwa sauti tano zisizo na majina: muuguzi, mchimbaji, wakili, mama mwuza unga na mzee mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Hawa si watu fulani. Kila sauti imepewa hoja ambazo mtu wa nafasi hiyo angezitetea kwa moyo wote, ili zikutane na zipimane.

Haki ya kwanza ni kuishi

Muuguzi anaanza, na hana haya na msimamo wake.

"Mwanzoni mwa 2008 kipindupindu kiliingia Likasi na Lubumbashi, mpaka Madaktari Wasio na Mipaka wakaja kusaidia. Ugonjwa ule hukuua mwili ukiwa umeishiwa maji, kabla jua halijazama. Sasa mtu anakuja na karatasi ya haki za binadamu. Mimi namwuliza: maiti ana haki gani? Korona ilipokuja, hospitali zetu hazikuwa na mashine za kupumulia za kutosha. Kinga pekee tuliyokuwa nayo ni kuzuia watu wasikutane. Na Ebola ya Beni na Butembo, iliyoanza Agosti 2018 na kutangazwa kwisha Juni 2020, iliua zaidi ya watu 2,200. Ilizimwa kwa chanjo, na kwa kumfuata kila mtu aliyemgusa mgonjwa, kumwandika jina, na kumpima siku 21. Ukimwacha kila mmoja afanye apendavyo, huna njia ya kuuzima."

Mchimbaji, kijana aliyekaa upande wa pili, anajibu kwa heshima lakini bila kurudi nyuma.

"Mama muuguzi, hakuna aliyekataa kunawa mikono. Nakuuliza tu: sheria ile ilitufunga sote sawasawa? Mpaka wa Kasumbalesa, wa kwenda Zambia, ulifungiwa watu, lakini malori yalipita. Sisi tunaochimba kwa mikono tuliambiwa tusikusanyike. Wenzetu wa makampuni makubwa waliambiwa kinyume: wabaki ndani ya mgodi, walale humo, wafanye kazi humo, na anayetaka kwenda kwake ajue kazi imekwisha. Wengine walikaa karibu miezi miwili bila kuwaona wake zao. Ugonjwa ulikuwa mmoja, ila mtoto wa maskini alifungiwa nje ya riziki, na mfanyakazi akafungiwa ndani yake."

Hilo halikuwa uvumi. Juni 2020 mashirika 11, RAID ya Uingereza na AFREWATCH ya Kongo yakiwemo, yaliyaandikia makampuni 13 ya madini ya Haut-Katanga na Lualaba kuhusu wafanyakazi waliozuiliwa migodini. Malalamiko yalikuwa ya saa nyingi za kazi, chakula na maji yasiyotosha, na tishio la kufukuzwa. Shaba na kobalti ziliendelea kutoka.

"Hayo ni makosa ya makampuni," anasema muuguzi. "Dawa haiwi mbaya kwa sababu mtu ameiuza kwa ulaghai."

"Lakini serikali ndiyo iliyofunga njia," anajibu mchimbaji, "na ndiyo iliyofumba macho mgodi ulipofunga geti."

Kifungu kinachosema siku 30

Hapo wakili anaomba nafasi. Anaonya kwamba mjadala unapotea ukiwa wa afya dhidi ya uhuru, kwa sababu Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 tayari imeruhusu dharura. Kifungu cha 85 kinampa Rais uwezo wa kuitangaza baada ya kushauriana na Waziri Mkuu na marais wa mabaraza mawili ya Bunge. Kifungu cha 144 kinasema inakoma baada ya siku 30, isipokuwa Bunge na Seneti zikiiongeza kwa vipindi vya siku 15, na kwamba mabaraza hayo yanaweza kuifuta kwa sheria wakati wowote. Kifungu cha 61 kinataja haki ambazo hazisimamishwi hata nchi ikiwaka moto: haki ya kuishi, kutoteswa, kutowekwa utumwani, kujitetea mahakamani, uhuru wa mawazo na dini, na mengine machache.

"Basi mbona mliumizana vichwa Kinshasa?" anauliza mzee.

"Kwa sababu Katiba hiyohiyo ina kifungu cha 119, Papa. Kinasema Bunge na Seneti hukutana pamoja, kama Kongresi, kuidhinisha dharura. Rais hakuiita. Rais wa Seneti, Alexis Thambwe Mwamba, alisema Katiba imekiukwa. Jean-Marc Kabund, makamu wa kwanza wa rais wa Bunge, akajibu kwamba kuiita Kongresi kungegharimu dola milioni 7. Tarehe 13 Aprili 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba tangazo la Rais ni halali."

Muuguzi anatikisa kichwa. "Dola milioni 7 kwa kuketi na kunyoosha mikono! Kwa pesa hizo ungenunua oksijeni ya Katanga nzima. Maître, mgonjwa hasubiri utaratibu."

"Mama, utaratibu ndipo tarehe ya mwisho inapokaa," anasema wakili. "Ukiuondoa, umebakiza nguvu bila kikomo. Nikuonyeshe mahali pa kuona matokeo. Tarehe 6 Mei 2021, hali ya kijeshi iliwekwa Kivu Kaskazini na Ituri kwa vifungu hivihivi vya 85 na 144. Wanajeshi na polisi wakachukua nafasi ya viongozi wa kiraia, mahakama za kijeshi zikaanza kuhukumu raia. Ilitangazwa kwa siku 30. Mwaka 2024 ilikuwa ingali inaongezwa, siku 15 baada ya siku 15, na makundi yenye silaha yalikuwa bado yapo. Naheshimu dharura ya Korona kwa jambo moja: ilikwisha. Lakini kilichoimaliza si ukarimu wa mtu. Kila wiki mbili ilibidi wabunge waulizwe tena."

Mchimbaji anaongeza la Julai. Mwaka 2020 dharura ikiendelea, mikutano ikiwa bado imekatazwa, watu waliingia barabarani Kinshasa, Lubumbashi na miji mingine kupinga Ronsard Malonda kupewa uongozi wa Tume ya Uchaguzi, CENI. Tarehe 9 Julai kulikuwa na vifo. "Wabunge waliruhusiwa kukaa kumchagua msimamizi wa kura zetu," anasema, "sisi tukakatazwa kusema hatumtaki, kwa sababu ya Korona."

Nani alishe aliyefungiwa?

Mama mwuza unga alikuwa kimya muda wote. Anapozungumza hataji kifungu chochote.

"Mimi nauza unga wa mahindi. Mahindi mengi tunayokula Katanga yanatoka Zambia. Mpaka ulipofungwa, bei ilipanda na wateja wakaishiwa pesa siku ileile. Nani aliyekuja kuhesabu nyumba zisizo na chakula? Aliyekuja ni mwenye sare, kuuliza barakoa iko wapi. Unayo lakini imeteremka kidevuni: lipa. Saa tatu kasoro imekukuta njiani na beseni kichwani: lipa. Risiti hakuna. Kama pesa ile ilikuwa ya kupambana na ugonjwa, mbona haikuandikwa popote?"

Wakili anamwambia kwamba swali lake limewahi kufika mahakamani, ingawa si hapa. Malawi, Aprili 2020, Mahakama Kuu ilizuia amri ya kufunga nchi, baada ya wanaharakati kulalamika kwamba serikali haikupanga namna ya kuwasaidia maskini wakati wa kufungwa. Septemba mwaka huo majaji wakaamua kabisa kwamba hatua zile zilikiuka Katiba.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Amri ya kutotoka usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020. Katika siku kumi za mwanzo, kwa hesabu ya Human Rights Watch, watu wasiopungua sita walikuwa wamekufa mikononi mwa polisi waliokuwa wakiitekeleza, akiwemo mtoto wa miaka 13 aliyepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao, mtaa wa Kiamaiko, Nairobi. Tarehe 16 Aprili Jaji Weldon Korir aliamua kwamba amri yenyewe ni halali, lakini nguvu iliyotumiwa na polisi ni kinyume cha Katiba.

"Umesikia, mama?" muuguzi anamgeukia mwuza unga. "Jaji hakufuta amri. Amefuta fimbo."

"Nimesikia. Ila hapa fimbo ilikuja kwanza, na jaji sikumwona."

Kumbukumbu ya mzee

Mzee ni miongoni mwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walioondoka kwa mpango wa kupunguza wafanyakazi wa mwaka 2003. Anaeleza kwamba si mara ya kwanza kwa watu wa Katanga kufungwa kwa jina la afya. Likasi ilipokuwa ikiitwa Jadotville, na Lubumbashi ikiitwa Élisabethville, Wabelgiji waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa wazungu na mitaa ya Waafrika, wakisema ni kinga ya magonjwa. Kwa ajili ya malale, waliweka vizuizi na hati za kiafya, mtu asisafiri bila karatasi.

"Malale yaliua watu kweli, Papa," muuguzi anamkatiza. "Na yalipungua."

"Sikatai, mwanangu. Baba zetu walipimwa na kuchomwa sindano, na wengi walipona. Lakini yalipopungua, karatasi ya kuhama haikupungua. Mkongo aliendelea kuomba ruhusa ya kuondoka kijijini mpaka karibu na uhuru. Ukanda ule wa kinga ukawa mpaka wa rangi. Ndiyo maana serikali yoyote ikisema 'kaa hapo, ni kwa afya yako,' sisi wazee tunatazama kwanza aliyeshika ufunguo."

Kura ya Beni

Hoja nzito kuliko zote inaletwa na wakili, na inahusu demokrasia yenyewe. Tarehe 30 Desemba 2018 Kongo ilimchagua rais. Siku nne kabla, CENI ilitangaza kwamba wakazi wa Beni, Butembo na maeneo yake, pamoja na Yumbi upande wa magharibi, hawatapiga kura hadi Machi 2019. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotajwa ni Ebola na ukosefu wa usalama. Zaidi ya wapiga kura milioni moja waliachwa nje. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, kabla zamu yao haijafika.

"Foleni ya kura ni watu wanaogusana," muuguzi anasema. "Ningekuwa mimi, ningeogopa pia."

"Lakini masoko ya Beni yalikuwa wazi, Mama. Makanisa yalikuwa wazi, shule zilikuwa wazi. Siku ya kura watu wa Beni walijipanga wenyewe, wakaweka maji ya kunawa, wakapiga kura yao isiyohesabiwa na mtu, ili dunia ione kwamba inawezekana."

Siku tatu kabla ya hapo, waandamanaji wenye hasira walikuwa wamekivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola mjini Beni, na baadhi ya wagonjwa wakakimbia. Muuguzi anakaa kimya kidogo, kisha anakubali jambo ambalo linabadili mwendo wa mjadala.

"Hilo limetuumiza sisi wa afya kuliko kirusi. Mtu akiamini kwamba Ebola ni hila ya kumnyang'anya kura, hatanipa majina ya aliowagusa. Na bila majina hayo, kazi yangu imekwisha."

Mama mwuza unga anamwongezea mzigo mwingine. Oly Ilunga, waziri wa afya hadi Julai 2019, alihukumiwa kifungo Machi 2020 kwa kutumia vibaya fedha za Ebola zinazozidi dola 400,000. Na Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitaja watu 83 walioshukiwa kuwanyanyasa kingono wanawake wakati wa mapambano yale, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Wengi wa wanawake hao walikuwa wakitafuta kazi. "Nani angewauliza maswali watu hao wakati ule?" anasema. "Kila aliyeuliza aliambiwa anasumbua wanaookoa maisha."

Majirani wanatoa ushahidi wa pande zote. Uganda, Novemba 2020, mgombea urais Bobi Wine alikamatwa kwa madai ya kuvunja kanuni za Korona kwenye kampeni, na katika machafuko yaliyofuata watu wasiopungua 54 waliuawa. Burundi ilifanya uchaguzi wake Mei 20 mwaka huo mikutano ikiwa imefurika, na wiki moja kabla iliwafukuza wawakilishi wa Shirika la Afya Duniani. Tanzania iliacha kutoa takwimu mwaka 2020, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509, na vyombo vya habari vilivyoandika tofauti vikatozwa faini au kufungiwa. Kwa hiyo haki huumia pia pale serikali inapojifanya ugonjwa haupo. Raia aliyenyimwa habari hawezi kujilinda, hata akiachwa atembee usiku kucha.

Mchimbaji anamalizia upande wake kwa mfano ulio karibu na maisha yake. Septemba 2023 aina mpya ya mpox iligunduliwa Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu Kusini, wenye wachimbaji kama wa Kamatanda. Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Safari hii nchi haikufungwa. Chanjo za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, na mwezi uliofuata zikaanza kutolewa Goma. "Chanjo ilichelewa, hilo ni kosa," anasema. "Lakini walitujia na habari na sindano, si na kizuizi."

"Mpox haisafiri kwa pumzi kama Korona," muuguzi anamkumbusha, na ana haki ya kumkumbusha. "Ukija ugonjwa wa hewani, nitaomba tena watu wabaki nyumbani."

"Omba," anajibu mama mwuza unga. "Ila uje na unga, na useme mpaka lini."

Uamuzi

Muuguzi ameshinda nusu ya mjadala, na nusu hiyo haipaswi kupunjwa. Serikali isiyoweza kufunga mlango wakati wa tauni haiwalindi watu wake, na watakaokufa kwanza ni wa mitaa isiyo na maji ya bomba wala daktari. Anayedai uhuru bila kikomo wakati wa mlipuko anaudai kwa gharama ya jirani yake.

Nusu ya pili imekwenda kwa wanne waliobaki, na ndiyo inayoamua. Hakuna hata mmoja wao aliyeomba ugonjwa uachwe utembee. Walichoomba ni mamlaka yanayojibu maswali: yamefunga kwa sheria ipi, kwa siku ngapi, kwa chakula cha nani, na pesa imekwenda wapi. Beni ilionyesha kwamba maswali hayo hayacheleweshi tiba. Kuyanyamazisha ndiko kulikochelewesha, maana mgonjwa asiyeamini hujificha.

Kongo ina Katiba inayotosha kuanzia, lakini vifungu vyake havifiki Kamatanda peke yavyo. Kila amri ya dharura isomwe mitaani kwa Kiswahili, ikitaja tarehe ya mwisho. Faini yoyote isiyo na risiti ihesabiwe kuwa wizi. Kampuni isimlaze mfanyakazi mgodini bila ridhaa yake, na bila ukaguzi wa mkaguzi wa kazi. Na eneo lolote likiahirishiwa uchaguzi kwa sababu ya ugonjwa, mshindi asiapishwe kabla watu wa eneo hilo hawajapiga kura.

Likasi ina wabunge wake Kinshasa, na ina wengine katika bunge la jimbo Lubumbashi. Ugonjwa mwingine utakuja, na siku hiyo hakutakuwa na nafasi ya kuandika sheria kwa utulivu. Waulizwe sasa, kila wanapokuja kuomba kura na kila wanapokuja kuzindua barabara, wamefanya nini ili neno la dharura lisitamkwe tena katika nchi hii bila tarehe ya kwisha kwake.